Nauli ya Kurudi

Jumapili ile tulikuwa watu sita kwenye baraza ya Mama, nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa kwenda Kwihara. Juu ya mkeka vilipangwa vitu vya binti yake: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu ila yenye mfuko mmoja nyuma, fulana za kijani, raba, mashuka mawili ya bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti. Binti amemaliza kidato cha sita, majina yametoka, na amepangiwa Bulombora kule Kigoma. Mwanzoni mwa Juni anaripoti kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yale ya mujibu wa sheria.

Tangazo la JKT linapoorodhesha vitu hivyo hutaja pia kimoja ambacho wazazi wengi hukipita haraka: nauli ya kwenda kambini na ya kurudi nyumbani. Mama alikuwa ameitenga katika bahasha mbili. Ya kwenda hakuna aliyeigusa. Ya kurudi ndiyo iliyotukalisha pale mpaka magharibi.

Aliyeanza ni jirani yake, mkufunzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Afande. Amewafundisha kwata makuruta wengi kiasi kwamba hata akiketi kitini mgongo wake hauegemei.

AFANDE: Dada, bahasha hii usimpe. Atumiwe siku ya kufunga mafunzo. Kuruta mwenye nauli mfukoni ana mguu mmoja kwenye gwaride na mwingine stesheni.

KIJANA: Samahani, afande, hapo nakukatalia. Mimi bahasha kama hiyo ndiyo iliyonimalizia miezi sita.

Kijana ni mtoto wa dada yake Mama. Aliingia JKT kwa kujitolea, akamaliza mafunzo ya awali, akamaliza mkataba wa miaka miwili, akarudi nyumbani bila ajira. Sasa anafuga nyuki. Jina la kambi yake hakulitaja, nasi hatukumuuliza.

KIJANA: Watu hudhani kuruta anataka kukimbia siku ya kwanza. Siku ya kwanza huna nafasi ya kutaka chochote. Unanyolewa, unapigiwa filimbi, unakimbia, unalala. Mawazo yanaanza wiki ya tatu. Mwili umezoea kidogo, akili inapata upenyo. Hapo ndipo unamkumbuka rafiki yako aliyekataa kuja na sasa ana duka la simu. Unakumbuka mama alikuwa anakohoa ulipoondoka, na simu huna. Ugali na maharage vilivyokuwa vitamu wiki ya kwanza kwa sababu ya njaa, sasa unavihesabu punje. Na kila usiku wa lindo unajiuliza: hivi nikiondoka, nani ataumia?

AFANDE: Wenzako wataumia. Lindo lako litalindwa na mwingine ambaye hajalala.

KIJANA: Ndiyo maana usiku nilipoamua kuondoka nilikunja blanketi langu, nikachukua jembe nililopewa la kazi za shamba nikalirudisha mahali pake, ili asubuhi mtu asikose jembe kwa ajili yangu. Nikakaa chini ya mti karibu na uzio. Nikazihesabu noti gizani kwa vidole. Zilitosha. Nikajiambia, kama naweza kwenda leo, naweza kwenda hata kesho. Nikarudi hangani nikalala. Nilifanya hivyo labda mara kumi.

AFANDE: Na usingekuwa nazo?

KIJANA: Ningeondoka kwa miguu usiku ule ule, afande. Ningejiona nimefungwa.

Mwalimu, ambaye anafundisha historia sekondari na huwapeleka wanafunzi wake Kwihara kuona tembe alimokaa msafiri Livingstone, alikuwa kimya akichezea kikombe cha chai. Jembe lilimwamsha.

MWALIMU: Hilo jembe, mdogo wangu, ni la zamani kuliko JKT. Njia hii tunayoiona hapa, misafara ya karne ya 19 ilipita kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, miezi mitatu hivi kwa miguu, na kutoka hapa mpaka Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 na ushei, meno ya tembo au majora ya merikani. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa nyingi wakilalamika kwamba wapagazi wanatoroka. Ila ukiwasoma kwa utulivu unaona jambo: mara nyingi Mnyamwezi huru akitoroka, mzigo aliuacha. Aliondoka na miguu yake tu. Yaani alikuwa akisema, mkataba umevunjika, mali yako hii hapa.

AFANDE: Au alichoka.

MWALIMU: Walichoka wote. Lakini hawakutoroka wote, na hawakutoroka ovyo. Walitoroka posho ilipokatwa. Walitoroka njia ilipobadilishwa kuelekea kwenye vita bila wao kuulizwa. Walitoroka mvua zilipokaribia, maana nyumbani kuna shamba na shamba halimsubiri Mzungu. Stanley, aliyefika hapa Unyanyembe Juni 1871, alitumia mjeledi, na watoro waliokamatwa aliwatia minyororo, na bado waliendelea kumpungukia. Kutoroka kulikuwa ndiyo njia yao ya kugoma. Wala usiseme walikuwa legelege. Kwa Wanyamwezi wa wakati ule, safari ya pwani ndiyo iliyomfanya kijana aitwe mwanamume. Watoto walianza kwa kubeba jino dogo nyuma ya baba zao.

Hapo Afande alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nilidhani ameshindwa hoja. Kumbe Mwalimu alikuwa amemsogezea silaha.

AFANDE: Vizuri, mwalimu, umetufikisha kwenye misafara. Sasa niambie habari ya Susi na Chuma. Bwana wao Livingstone amekufa Mei 1873 kule kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia. Mwajiri hayupo. Wa kuwachapa hayupo, wa kuwalipa hayupo. Huo ndio wakati wa kutua mzigo na kila mtu kushika njia ya kwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakaikausha maiti juani, wakaifunga kwenye gome la mti, wakaibeba. Wakapita hapa hapa. Wakamkuta yule afisa wa Kiingereza, Cameron, Oktoba 1873, akawaambia mzikeni hapa Unyanyembe, yanatosha. Ruhusa hiyo ilitoka kwa mkubwa, na bado wakakataa. Mbele njiani waliposikia wenyeji hawataki maiti ipite kwao, wakaifunga upya ionekane kama mtumba wa nguo. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Zaidi ya kilomita 1,500. Hao hawakuwa na bahasha.

Baraza ilinyamaza. Nakiri ilinigusa. Barabara tuliyokuwa tukiitazama, na baiskeli zake za mkaa na madumu ya asali, ndiyo upande ambao mzigo ule ulipita, na aliyekuwa akiusimulia ni mtu aliyetumia maisha yake kuwazuia vijana wasitue.

MWALIMU: Sikatai hata neno moja, afande. Ila nani aliwaamuru?

AFANDE: Hakuna.

MWALIMU: Basi. Walikaa wenyewe kwa Chitambo wakashauriana, wakaamua wenyewe. Cameron alipowaambia wauache, walikataa kwa sababu mzigo haukuwa wa Cameron. Ulikuwa wao. Watu wale wale, ambao Livingstone mwenyewe aliwahi kulalamika kuhusu wenzao waliomkimbia, wamebeba mzigo mzito kuliko yote bila kiboko. Mimi hiyo siiiti amri, naiita mali. Ukimfanya kuruta aone mafunzo ni mali yake, hata ukimpa nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi mara tatu, hataondoka.

KIJANA: Na Bagamoyo walipofika waliambiwa nini?

Mwalimu alimtazama kidogo kabla ya kujibu.

MWALIMU: Walilipwa ujira wao wakaambiwa waende. Maiti ikapanda meli. Kati ya wote waliobeba, mmoja tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyekuwepo London alipozikwa Westminster Abbey, Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yalikwishapita.

KIJANA: Hiyo naijua bila kuisoma.

Ninaisimamisha baraza hapa kidogo, kwa sababu kijana huyu alikuwa akizungumzia jambo ambalo nchi nzima iliwahi kulisikia. Aprili 2021 JKT ilisitisha mikataba ya vijana 854 na kuwarudisha makwao, baada ya baadhi kugoma kazi na kutaka kuandamana kwenda Ikulu ya Chamwino. Walikuwa katika kundi la vijana waliofanya kazi za ujenzi za taifa, wakiwa na ahadi ya kuajiriwa jeshini, ahadi waliyoiona inapita bila wao. Jeshi lilisema ni utovu wa nidhamu. Lakini hao hawakuwa makuruta wa wiki ya tatu wanaolilia godoro la nyumbani. Walikwishavuka jasho lote. Kilichowatoa kwenye mstari ni hesabu, ile ile ya mpagazi aliyekatiwa posho. JKT imekuwa ikiwakumbusha vijana wa kujitolea kwamba mafunzo si tiketi ya ajira, na inasema kweli. Mimi naona ukweli huo usemwe kwa sauti siku ya kunyolewa, si siku ya kufungasha. Kijana anayejua kwamba anakwenda kujifunza ufugaji, ujenzi na ukakamavu atabeba kitu tofauti na yule anayedhani anabeba ajira.

AFANDE: Umemaliza kuandika kichwani? Naona macho yamekwenda mbali.

MIMI: Nimemaliza, afande. Endelea.

AFANDE: Huyu binti hafuati ajira. Anakwenda kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu basi. Habari ya ahadi haimhusu.

MWALIMU: Inamhusu zaidi. Wa kujitolea alijichagulia mzigo, yeye amepangiwa. JKT ilianza Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikataka wasomi waingie kwa lazima miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana mpaka Ikulu, Oktoba 22. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mmoja wao alikuwa kijana wa kwetu, Samuel Sitta wa Urambo, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Vitabu vingi huishia kwenye kufukuzwa. Mimi wanafunzi wangu nawaambia wasiache kipande cha pili: siku ile ile Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua huwezi kumtwisha mtu mzigo wa lazima huku wewe mikono mitupu. Mpango ukasitishwa 1994, ukarudi 2013. Na kila mwaka mtoto anapangiwa kambi asiyoijua. Nani amekaa naye akamweleza anachokwenda kubeba?

Binti, aliyekuwa akimimina chai, alisema bila kuinua uso: «Nimeambiwa nisisahau soksi.»

Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Ni muuguzi mstaafu, na mpaka hapo alikuwa ametuacha wanaume tubishane na wahenga. Sasa alivuta mkeka, akaichukua ile raba, akaikunja soli yake kwa mikono miwili.

MAMA: Ninyi mnazungumzia moyo. Mimi naogopa mguu. Mtoto ambaye miaka miwili amekaa kwenye dawati akisoma, unamtoa unamkimbiza kila alfajiri kwenye ardhi ngumu. Mfupa unapopata kazi mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu ya mfupa wa zamani ndipo uujenge ule imara. Katikati ya kubomoa na kujenga kuna wiki kadhaa ambazo mfupa ni dhaifu kuliko siku aliyoingia. Ndipo unapopata nyufa, hasa kwenye muundi na unyayo, na wasichana zaidi. Si jambo la jana. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza miguu ya askari iliyovimba kwa kutembea mwaka 1855, kabla hata hapajawa na picha za eksirei. Sasa mtoto anasema mguu unauma, anaambiwa anadoji.

KIJANA: Mama mdogo, umemtaja rafiki yangu.

Alitueleza kwa maneno machache. Kitanda chake kilikuwa cha chini, cha rafiki yake cha juu. Kila asubuhi aliona miguu ikishuka, na siku moja mguu mmoja ukaanza kushuka kwa kupapasa, kama wa mtu anayeingia mtoni. Ilikuwa hivyo wiki mbili. Waliposimama kwenye mstari alikuwa akihamishia uzito upande mmoja, akiitwa mdojaji mbele ya wenzake. Alipokuja kupigwa picha hospitalini, mfupa ulikuwa na ufa. Akarudi kwao na hakutaka tena kusikia habari ya jeshi.

KIJANA: Mguu ulipona. Kile alichoitwa hakikupona. Mpaka leo akisimulia haanzi na maumivu, anaanza na lile neno.

Tulimtazama Afande. Angeweza kujitetea, maana yeye hakuwa mkufunzi wa kambi hiyo. Aliweka kikombe chini.

AFANDE: Wadojaji wapo, dada. Nimewaona wakichechemea mguu wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni. Lakini nitasema nilichojifunza kwa kuchelewa. Anayelalamika haondoki. Anayelaani maharage, anayelaani jua, anayenilaani mimi nikishapita, huyo namwacha, atafunga mafunzo na atanitafuta nipige naye picha. Mimi namwangalia aliyenyamaza. Aliyekuwa akiimba kwenye mchakamchaka sasa anachezesha midomo tu. Anayegawa sabuni yake. Kuruta akimpa mwenzake sabuni nzima bila kuombwa, huyo ndani ya siku tatu anaondoka. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimkuta wa hivyo namwongezea adhabu, nikidhani nafukuza uvivu. Baadaye nikawa namwita pembeni namuuliza, nyumbani wazima? Swali hilo tu. Wengine walilia pale pale. Mmoja alikuwa amefiwa, habari ikamfikia kwa maneno ya njiani, akawa hajui amwambie nani.

MIMI: Na wewe, afande, hukuwahi kutaka kuondoka?

AFANDE: Siku ya 19.

Hakuongeza maelezo kwa muda. Kuku walipita chini ya mwembe, mmoja akapanda kwenye mkeka na Mama akamfukuza kwa kanga.

AFANDE: Aliyenizuia si mkufunzi. Ni Mgogo mmoja tuliyelala naye jirani. Aliamka akaniona nimevaa, akasema, kama unakwenda msalani nisubiri. Sikuwa nakwenda msalani. Nikamsubiri.

Wasomi wamelichimba jambo hilo kwa njia zao. Jopo la Samuel Stouffer lililowauliza wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili lilichapisha matokeo yake mwaka 1949, na likakuta mwenza wa karibu anambakiza askari mahali pake kuliko chuki ya adui. Mimi baada ya kumsikia Afande sikuhitaji zaidi. Nimeandika haya kwa sababu nimechoka kusikia vijana wanaotaka kuondoka mafunzoni wakiitwa kizazi cha chipsi, kana kwamba babu zao walibeba pembe za ndovu kwa furaha. Kutaka kuondoka karibu kila mtu hukupata, hata aliyekuja kuwa mkufunzi. Ni taarifa, kama homa ilivyo taarifa. Wapo wanaosema wamechoka na kesho watakuwa wazima. Wapo ambao mfupa umepata ufa. Wapo ambao wamedanganywa. Mkufunzi anayewaita wote jina moja atawapoteza wale aliopaswa kuwabakiza, na kuwabakiza kwa nguvu wale waliopaswa kwenda hospitali.

BINTI: Kaka, ukitaka kulia unalilia wapi kule?

KIJANA: Kwenye mchakamchaka. Jasho lote ni maji, hakuna anayejua. Na ukimwona mwenzako anakimbia huku anafuta macho mara nyingi kuliko uso, kimbia karibu naye. Usimuulize kitu.

BINTI: Na mguu ukiuma?

MAMA: Unasema. Siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Unasema unauma wapi, kwa kidole kimoja. Ukiweza kuonyesha kwa kidole kimoja, si uchovu.

AFANDE: Mama yako anasema kweli. Na asiyekusikia, mwambie anayemzidi cheo. Kwa adabu, lakini mwambie.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miembe. Mama alizikunja fulana, akazipanga kwenye begi, bukta juu yake. Ile bahasha ya pili ilibaki peke yake kwenye mkeka. Alimtazama Afande bila kusema neno, kwa sababu jirani aliyekaa kwako mpaka giza huwezi kumshinda kwa kumdharau.

Afande aliiokota, akaipima uzito mkononi.

«Usiitie kwenye trakisuti,» alisema. «Itafuliwa, itaanikwa, itaazimwa. Bukta ina mfuko mmoja tu, tena wa nyuma. Lete shuka la pili. La kwanza atalitandika na litakaguliwa kila asubuhi. La pili huwa linakaa chini ya begi.»

Mama aliingia ndani akatoka na sindano na uzi wa bluu. Binti alishika pindo upande mmoja, Kijana akashika upande wa pili, akamwonyesha namna ya kukunja noti ziwe bapa ili zisitoe sauti mtu akizigusa usiku.

«Mishono ya karibu karibu, dada,» Afande alisema. «Shuka hilo litafuliwa kwa mikono.»